Dhima ya Lugha ya Mikataba katika Kutawaliwa kwa Korea na Japani, 1876–1910

Makala haya yanachunguza namna Japani ilivyojitwalia Korea kwa njia ya mikataba. Ni kweli kwamba majeshi yalitumika na damu ikamwagika. Hata hivyo, karibu kila hatua ya kuinyang'anya Korea mamlaka yake iliandikwa na kupigwa muhuri. Kwa mwanafunzi wa lugha jambo hili lina uzito wake, kwani mzozo uliozaliwa na maandishi hayo haujaisha, na kiini chake ni maana ya maneno machache.

Mnamo Septemba 1875, manowari ya Japani iitwayo Unyō ilikikaribia kisiwa cha Ganghwa, ikapigwa mizinga kutoka pwani, nayo ikajibu. Japani ililifanya tukio hilo kuwa hoja, na Februari 1876 ikailazimisha Korea kukubali Mkataba wa Ganghwa. Ibara ya kwanza ilitangaza kwamba Korea ni nchi huru yenye haki sawa na za Japani. Msomaji wa juujuu atadhani hiyo ni heshima. Lakini kwa muda mrefu Korea ilikuwa ikipeleka hidaya Uchina na kuhesabiwa kuwa chini ya kivuli chake. Kuiita huru kulikuwa ni kuitenga na mlinzi wake. Ibara zilizofuata zinafichua dhamira: bandari kufunguliwa kwa wafanyabiashara wa Kijapani, meli za Japani kuruhusiwa kupima pwani ya Korea, na Wajapani watakaotenda makosa huko kuhukumiwa na maafisa wa kwao. Wakorea hawakupewa haki kama hiyo nchini Japani.

Neno "uhuru" lilirudi katika Mkataba wa Shimonoseki wa Aprili 1895, baada ya Uchina kushindwa vitani. Uchina ilikiri uhuru kamili wa Korea, ilhali Wakorea wenyewe hawakuwa mezani. Miaka kumi baadaye, mwaka 1905, Uingereza mwezi Agosti na Urusi mwezi Septemba zilitia saini mapatano yanayotambua maslahi makuu ya Japani nchini Korea. Safari hii uhuru haukutajwa.

Mkataba wa tarehe 17 Novemba 1905 ndio unaostahili kutazamwa kwa makini zaidi. Itō Hirobumi aliwahoji mawaziri wa Korea mmoja mmoja mjini Seoul huku askari wa Japani wakiizingira kasri. Watano walikubali, waziri mkuu, Han Gyu-seol, alikataa. Kaizari Gojong hakutia saini. Kwa mkataba huo Japani ilishika mambo yote ya nje ya Korea, ikidai kuilinda. (Kiswahili nacho kinaujua utata huu: "himaya" ni ulinzi, na papo hapo ni eneo linalotawaliwa na mwingine.) Dibaji yake ilisema mapatano yatadumu hadi itakapotambuliwa kwamba Korea imepata nguvu za kitaifa. Itambuliwe na nani? Kitenzi hicho hakikupewa mtenda bayana, na aliyekiandika ndiye aliyejipa kazi hiyo.

Mwaka 1907 Gojong alituma wajumbe watatu kwa siri katika mkutano wa amani wa The Hague. Walifungiwa mlango, kwa kuwa kwa mujibu wa karatasi ya 1905 Korea haikuwa tena na sauti ya kusema nje. Gojong alilazimishwa kuachia kiti Julai mwaka huo. Mkataba mwingine ukafuata, na jeshi la Korea likavunjwa. Mkataba wa mwisho ulitiwa saini tarehe 22 Agosti 1910 na Yi Wan-yong, mmoja wa wale mawaziri watano, pamoja na Terauchi Masatake. Sarufi yake inashangaza: Kaizari wa Korea ndiye anayetoa mamlaka yote, kikamilifu na milele, Kaizari wa Japani anapokea tu. Aliyeporwa amefanywa mtoaji.

Nchi hizo ziliporejesha uhusiano Juni 1965, Korea ya wakati huo ikiwa ni Korea Kusini, zilikubaliana kwamba mikataba yote ya hadi 1910 "tayari ni batili". Nakala ya Kikorea inasema imi muhyo, na Seoul inafasiri kuwa ilikuwa batili tangu mwanzo, kwa sababu ilipatikana kwa mabavu. Nakala ya Kijapani inasema mohaya mukō, yaani haina nguvu tena, na Tokyo inashikilia kuwa ilikuwa halali wakati wake. Ilikubaliwa kwamba tofauti ikitokea nakala ya Kiingereza ndiyo itakayofuatwa, lakini nayo ina neno hilohilo "tayari", lisilosema tangu lini. Oktoba 2018 Mahakama ya Juu ya Korea Kusini iliamuru kampuni ya Japani iwafidie Wakorea waliofanyishwa kazi kwa nguvu, hoja yake ikisimama juu ya uharamu wa utawala ule. Serikali ya Japani iliupinga uamuzi huo.