Sumu Iliyotoka Usiku
Usiku wa Desemba 2 kuamkia 3, 1984, wakazi wa Bhopal, India, waliamshwa na macho yaliyowawasha kana kwamba pilipili inaunguzwa. Maji yalikuwa yameingia katika tangi kiwandani, yakaichemsha kemikali ya kutengenezea dawa ya wadudu. Tani zipatazo 40 za sumu zikatoka. Mtambo wa kuipoza ulikuwa umezimwa ili kubana matumizi. Akiba ya namna gani hiyo! Maelfu walikufa.

Mwaka 1986 Marekani ilitunga sheria ya kuwafahamisha wananchi kemikali zilizomo viwandani. Kanuni za 1996 zikamtaka mwenye kiwanda akadirie pia umbali ambao sumu ingefika endapo tangi lingepasuka. Ndugu msomaji, majirani wa kiwanda cha Bhopal hawakuwa wameambiwa hata wajifunike uso kwa kitambaa kilicholowa maji.