Jina Lisilofutwa na Mateso



Avukaye kwa mashua kutoka hapa Mafia hadi kisiwa cha Juani hukuta vichakani magofu ya mji wa Kua. Mwanzoni mwa karne ya 19 Wasakalava kutoka Madagaska waliuvamia mji huo, wakaua watu na kuwachukua wengine mateka. Kuta zingaliko, majina ya waliochukuliwa hatunayo. Ndivyo utumwa ulivyo: humtenga mtu na kwao, humnyang'anya jina, kisha humtia bei.

Mateso nayo hutujaribu vivyo hivyo. Aliyelala kitandani miezi mingi huitwa "yule mgonjwa". Aliyefiwa huitwa "yule mjane". Hatimaye wenyewe tunasadiki kwamba hatuna jina jingine.

Tumtazame Mtakatifu Yosefina Bakhita, binti wa Darfur, nchini Sudan. Alitekwa angali mtoto, akauzwa mara kadhaa, akapigwa hata akasahau jina alilopewa na wazazi wake. "Bakhita" ni jina la watekaji. Maana yake ni mwenye bahati, nalo lilikuwa dhihaka. Baadaye alipelekwa Italia, na mwaka 1889 mahakama ikatamka kuwa yu huru. Tarehe 9 Januari 1890 alibatizwa mjini Venice. Tangu hapo alikuwa akikibusu kisima cha ubatizo, kwa kuwa hapo alifanywa mwana wa Mungu. Aliingia utawani, akafariki mwaka 1947, na Papa Yohane Paulo wa Pili akamtangaza mtakatifu mwaka 2000.

Tuelewe vema, ndugu. Makovu yake hayakufutika, wala mateso hayakumwongezea thamani. Thamani alikuwa nayo tangu tumboni mwa mama yake, kama aliyo nayo kila mtu, awe wa dini yetu au ya jirani zetu, kwa kuwa sote tumeumbwa kwa sura ya Mungu. Imani ilimfunulia thamani hiyo, na ubatizo ukampa Baba ambaye hakuna awezaye kumtenga naye.

Basi, juma hili tumwendee mmoja anayeteseka. Tusimwulize kwanza habari za ugonjwa wake. Tumwite kwa jina lake, kama Mungu amwitavyo.

Amina.