Kompaundi, Lupango na Mugini

Mtoto wa Kampemba akiulizwa, "Kwenu ni wapi?" hutaja mtaa: Bel-Air, Bongonga ama Kigoma. Babu yake angalitaja kijiji. Tofauti hiyo si ndogo, na maneno yenyewe yaweza kutuonyesha jinsi ilivyoanza.

Waingereza wana neno kompaundi, maana yake ua wenye nyumba ndani yake. Wataalamu wengi wa lugha husema kwamba walilipata Mashariki, katika neno la Kimalei kampung, yaani kijiji. Basi asili yake ni makao ya watu na jamaa zao. Lakini huko Kimberley, Afrika ya Kusini, katika miaka ya 1880, neno hilo lilipewa boma la wachimbaji wa almasi. Walifungiwa humo wanaume watupu mpaka mkataba wao uishe, na wake zao walibaki mbali. Kisha neno likapanda kaskazini pamoja na migodi. Jirani zetu wa Zambia husema komboni, na kwao maana yake ni mtaa wa wanyonge mjini.

Hapa Katanga, kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilianza katika miaka ya 1920 kuwapokea wafanyakazi pamoja na wake na watoto, wakae kambini miaka mingi. Lilikuwa jambo jema. Hata hivyo nyumba ilikuwa mali ya kampuni. Kazi ikikoma, nyumba nayo hupotea.

Sisi tunalo neno letu la ua na nyumba zake: lupango. Tunalo na neno la kijiji: mugini. Mtu wa pwani akisema "mjini" hufikiri maduka na magari. Sisi tukisema "mugini" twafikiri mashamba na wazee. Kumbe shina ni moja! Wabemba husema umushi, Wazulu umuzi, na maana yake ni makao ya ukoo.

Enyi wazazi, lupango lwaweza kuuzwa, na kazi yaweza kwisha. Mwambieni mtoto jina la kijiji cha babu yake, njia ya kukifikia, na nani yuko huko. Na akipata nafasi, aende akawaamkie. Asiyejulikana mugini hana pa kukimbilia siku ya shida.