Uholanzi, Nchi Inayozungukwa kwa Baiskeli

Ufalme wa Uholanzi uko kaskazini-magharibi mwa Ulaya. Mashariki umepakana na Ujerumani, kusini na Ubelgiji, na pande mbili zilizobaki ni Bahari ya Kaskazini. Eneo lake, ukijumlisha na maji, ni kilomita za mraba zipatazo 41,500. Mkoa wa Dodoma una kilomita za mraba 41,311. Yaani nchi nzima, yenye mfalme, bunge, majimbo 12 na bandari kubwa kuliko zote za Ulaya pale Rotterdam, ingetosha kati ya Kondoa na Mpwapwa, ikabaki sehemu ndogo tu nje ya mpaka. Tofauti iko kwenye watu. Sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 3 na kidogo mkoani Dodoma. Uholanzi wako takriban milioni 18.

Mji mkuu ni Amsterdam, ingawa serikali na bunge viko Den Haag, na mkazi wa Dodoma halishangai hilo, maana anajua kuishi miaka mingi katika makao makuu huku ofisi ziko kwingine. Mfalme Willem-Alexander alishika ufalme mwaka 2013. Watu husema Kiholanzi, na kaskazini Kifrisia pia. Fedha ni yuro. Chakula ni viazi, mkate na jibini. Wanauza nje maua, maziwa, nyama na mashine.

Kuhusu ardhi, karibu robo ya nchi iko chini ya usawa wa bahari, na sehemu ya juu kabisa ya Uholanzi ya Ulaya, kilima cha Vaalserberg, ina mita 322 tu. Jiji la Dodoma lenyewe liko mita zaidi ya 1,100. Bahari ilivunja matuta usiku wa kuamkia Februari 1, 1953 na kuua watu 1,836. Kabla ya hapo, mwaka 1932, Waholanzi walikwisha kuziba ghuba nzima kwa tuta la kilomita 32, kwa mpango wa mhandisi Cornelis Lely, na maji ya chumvi yaliyofungiwa ndani yakageuka polepole kuwa ziwa la maji baridi, IJsselmeer. Sehemu ya sakafu ya ghuba hiyo ilikaushwa, na leo ni jimbo la Flevoland lenye mashamba na mji unaoitwa Lelystad. Mabaraza 21 ya maji, mengine yenye umri wa zaidi ya miaka 700, hupiga pampu mchana na usiku ili nchi isizame.

Zipo takwimu nyingine, za lita za maziwa na tani za mizigo. Lakini mgeni kutoka Dodoma akishapanda juu ya tuta la mto, akaiona njia iliyonyooka mbele yake bila gari hata moja, takwimu hizo zinamtoka kichwani.

Njia hiyo ni ya baiskeli. Upana wake unatosha watu wawili kwenda sambamba wakizungumza, na sheria inawaruhusu. Imewekwa lami laini, mara nyingi nyekundu. Porini na mashambani huwa ya zege, na karibu na pwani zipo zilizotandikwa makombe ya baharini yaliyosagika. Upande mmoja kuna mto, na meli za mizigo zinapanda kuelekea Ujerumani. Upande wa pili, chini zaidi kuliko maji ya mto, ng'ombe wanakula majani. Mto Rhine ukiingia Uholanzi hugawanyika: tawi la Waal linabeba maji mengi zaidi, Nederrijn linaelekea magharibi na kubadilika jina kuwa Lek, na IJssel linakwenda kaskazini hadi kwenye lile ziwa. Kingo za mito hii zote zina matuta, na matuta hayo ndiyo yaliyozaa safari za starehe za baiskeli. Si kila tuta limefungwa kwa magari. Mengine yana barabara ya wakazi. Hata hivyo, nchi nzima ina kilomita zipatazo 35,000 za njia zilizotengwa kwa baiskeli peke yake, na baiskeli ni kama milioni 23, nyingi kuliko watu wenyewe.

Na wanaopita ni akina nani? Bibi na babu wa miaka 70, wamevaa nguo za kawaida, chupa ya chai kwenye mkoba wa keria. Mama mwenye mtoto mbele na mwingine nyuma. Wanafunzi kumi kwa pamoja, wakipiga kelele. Wanakwenda tu: kwenda kuona maji, kunywa kahawa kijiji cha pili, kurudi kabla ya jioni.

Hilo ndilo linalomshika mtu wa nyanda za kati. Dodoma baiskeli ni ya kazi. Inabeba madumu ya maji, gunia la mkaa, mzigo wa kuni, maziwa ya asubuhi, mgonjwa anayepelekwa zahanati. Mtu mzima mwenye uwezo akionekana juu ya baiskeli siku ya Jumapili, majirani huuliza kama gari limeuzwa.

Karibu na Rotterdam, mahali paitwapo Kinderdijk, vinu vya upepo 19, vingi vikiwa vimejengwa karibu na mwaka 1740, vimesimama kandokando ya mifereji. UNESCO iliviingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 1997. Kati ya vinu hivyo hupita waenda kwa miguu na waendesha baiskeli, si magari ya watalii, kwa hiyo kinachosikika ni mabawa ya kinu yakikata upepo na bata kwenye matete. Ukiufuata Lek kwenda juu, unafika kwenye pantoni. Baadhi ya pantoni za mashambani zinapakia watu na baiskeli tu. Kwenye mifereji midogo zipo hata za kujivuta mwenyewe: unazungusha gurudumu la mnyororo, chombo kinakuja kutoka ng'ambo, unapanda, unazungusha tena.

Katikati ya Waal na Nederrijn kuna eneo la Betuwe, shamba moja kubwa la matunda. Cheri, matofaa na mapeasi huuzwa kwenye vibanda vya kando ya njia visivyo na muuzaji. Bei imeandikwa, na kisanduku cha hela kiko pale pale.

Kinachostahili kuelezwa kwa urefu zaidi ni namna watu wasivyopotea. Kila njia panda muhimu ya baiskeli ina namba, na kati ya namba moja na nyingine kuna vibao vidogo vyeupe vyenye namba ya kijani na mshale. Mtu anakaa mezani asubuhi, anatazama ramani, anaandika kwenye kikaratasi: 12, 47, 33, 81. Akifika 12 anafuata mshale wa 47, na kwenye kila namba kuna ramani ya ubao ya kumwonyesha alipo. Hahitaji simu wala kuuliza. Mpango huu ulibuniwa na Mbelgiji, Hugo Bollen, mhandisi aliyefanya kazi kwenye migodi ya makaa ya mawe ya Limburg, na mtandao wa kwanza ulizinduliwa huko mwaka 1995. Migodini, mahandaki yanapokutana hupewa namba ili mtu aijue njia yake gizani. Migodi ilipofungwa, Bollen alilipeleka wazo hilo juani, na Waholanzi hawakuchelewa kuliiga hadi likaenea nchi nzima. Ni mbao, rangi na misumari. Halmashauri yoyote ya wilaya Tanzania ingeweza kuanza mwezi ujao.

Milima hakuna, lakini upepo upo, tena mkali, na huko kila mwendesha baiskeli anaulalamikia. Tangu 2013 wana hata mashindano ya taifa ya kuendesha baiskeli dhidi ya upepo, juu ya kizuizi cha mawimbi cha Oosterschelde, na hufanyika siku ya dhoruba tu. Watu wanaoujua upepo wa Dodoma wa Agosti na Septemba, unaoinua vumbi tangu Kizota hadi Nkuhungu, hawatakosa la kusema juu ya hilo.

Wengi hudhani Waholanzi walizaliwa wakiwa wapenda baiskeli. Sivyo. Baada ya vita vya pili vya dunia walipata fedha, wakanunua magari, wakabomoa mitaa. Jijini Utrecht sehemu ya mfereji wa kale wa Catharijnesingel ilikaushwa ili barabara kuu ipite. Mwaka 1971 ajali za barabarani ziliua watu zaidi ya 3,000, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Wazazi wakaingia barabarani na kuandamana wakiwa na watoto wao, chini ya bango lililotaka mauaji ya watoto yakome. Novemba 1973 mafuta yakaadimika, serikali ikapiga marufuku magari siku za Jumapili, na watu wakatembea na kuendesha baiskeli katikati ya barabara kuu. Walioonja hawakusahau. Bajeti zikageuzwa, njia zikajengwa, na mwaka 2020 maji yalirudishwa kwenye mfereji ule wa Utrecht.

Sheria nayo ilikaa upande wa mnyonge. Dereva wa gari akimgonga mwendesha baiskeli, kwa kawaida ndiye mwenye kubeba hasara, na aliyegongwa akiwa na umri chini ya miaka 14, utetezi wa dereva ni finyu mno. Shule za msingi nyingi huwafanyia watoto mtihani wa barabarani, wa kuandika na wa kuendesha.

Mwaka huohuo wa 1973 Tanzania iliamua kuhamishia makao makuu Dodoma. Mpango mkuu wa jiji uliotolewa 1976, ulioandaliwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Kanada, uliwatanguliza waenda kwa miguu, baiskeli na mabasi, ukaliweka gari dogo nyuma. Taifa lilikuwa na wazo hilo mkononi wakati Waholanzi wenyewe ndiyo kwanza wanajaribu njia zao za mfano Tilburg na Den Haag. Wao wakaendelea. Dodoma imejenga barabara pana nzuri, na barabara ya mzunguko wa nje ya kilomita 112, lakini mtoto anayekwenda shule kwa baiskeli bado anagombania ukingo wa lami na malori na bodaboda. Fedha haziwezi kuwa sababu pekee: njia ya mita tatu ni gharama ndogo kando ya barabara ya njia nne, ikiwekwa kwenye mchoro tangu mwanzo. Kinachokosekana ni mtu wa kuidai, kwa kuwa wanaoamua hawaendeshi baiskeli, na wanaoendesha hawaalikwi kwenye vikao.

Ardhi ipo. Bwawa la Hombolo, lililojengwa 1957, limezungukwa na mashamba ya zabibu na haliko mbali na jiji. Bahi, magharibi, ni nchi ya majaruba ya mpunga inayokaribiana na Flevoland kwa utambarare. Reli ya kati inapita hapo, na wakulima wanatumia baiskeli kwenye kingo za mifereji kila siku. Mtera ina ziwa, samaki na barabara ya Iringa juu ya bwawa. Kingo hizo zikinyooshwa, makorongo yakawekewa vidaraja, na njia panda zikapewa namba, Jumamosi ya Juni mtu angeweza kushuka kwenye treni na kuzunguka siku nzima bila kukutana na lori. Wenye mizigo ya mpunga na madumu wangefaidika kabla ya mtalii yeyote.

Anayekusudia kwenda kujionea Uholanzi anahitaji viza ya Schengen. Baiskeli za kukodi zinapatikana karibu kila mji, na treni hupokea baiskeli kwa tiketi yake ya ziada, isipokuwa saa za watu wengi, asubuhi na jioni. Miezi mizuri ni Mei hadi Septemba. Aendaye baada ya hapo aulize kwanza, maana pantoni ndogo nyingi za mashambani husimama majira ya baridi, na kuzunguka hadi daraja la karibu huweza kuongeza kilomita 20.