Kuchagua Uso wa Meza ya Jikoni

Nyuso za meza za lamineti za bei nafuu hutofautiana kwa rangi, lakini adui yao ni mmoja: maji. Lamineti ni karatasi zilizoloweshwa gundi za fenoli na melamini, kisha zikashindiliwa kwa joto kali hadi zikawa gamba gumu lenye unene usiozidi sana milimita 1. Gamba hilo halipenyezi maji kwa urahisi. Chini yake, hata hivyo, mna ubao wa chenga za mbao zilizogandamanishwa, ambao hunywa maji, hufura, wala haurudii umbo lake. Kwa hiyo mnunuzi asivutwe na rangi. Achunguze kwanza kingo, maungio na tundu la sinki. Palipoachwa wazi ndipo uharibifu huanzia.