Stika za ndege ya mtoto: Siki inatosha, asetoni iache

Kwa wiki tatu mtoto ameunganisha vipande vya ndege ya plastiki aliyoletewa na mjomba wake kutoka Uingereza. Ameipaka rangi, imekauka. Zimebaki stika: namba za ubavuni na duara za rangi kwenye mabawa. Hapo ndipo machozi huanzia, maana karatasi ya stika ni moja tu, na ikiharibika hakuna duka la mtaani lenye nyingine.

Kampuni kama Airfix ya Uingereza na Tamiya ya Japani huweka kwenye boksi stika za kuloweka. Hizi si za kubandua na kubandika. Ni picha iliyochapwa kwenye utando mwembamba sana, wenye gundi inayolainika kwa maji. Wenye hobi hii hununua dawa maalumu za kuzilaza vizuri, lakini mzazi anaweza kupata vingi vya kutumia hapo nyumbani.

Anza na bakuli la maji ya vuguvugu. Kata stika moja, ishike kwa kibanio cha nyusi na uitumbukize kwa sekunde 20 hivi. Itoe, iweke juu ya tishu na usubiri mpaka ianze kuteleza yenyewe. Mtoto asiilazimishe kwa kucha. Hapo ndipo nyingi huchanika.

Siki nyeupe huchukua nafasi ya dawa ya dukani. Ina asidi ya asetiki, ambayo hulainisha utando kidogo. Changanya siki na maji nusu kwa nusu, kisha lowesha sehemu ya kubandika kwa brashi safi. Telezesha stika hapo, iweke sawa, halafu kausha kwa kijiti cha pamba cha masikio, ukianzia katikati kwenda pembeni ili hewa na maji vitoke. Kwanza jaribu kwa stika ambayo mtoto haihitaji.

Stika ikigoma kulala kwenye mkunjo, ikandamize taratibu kwa kitambaa chenye maji ya moto kiasi. Ikiwa gundi imeisha, tone la gundi nyeupe ya shuleni lililozimuliwa kwa maji linasaidia.

Wakati mwingine stika hukauka ikawa na weupe kama ukungu. Hiyo ni hewa iliyonaswa chini yake, kwa sababu rangi isiyong'aa ina uso wenye vinyweleo. Dawa yake ni kupaka vanishi ya maji inayong'aa kabla ya stika. Polishi ya sakafu ya kopo haifai. Ile ni nta.

Mzazi awe mkali kwenye mambo mawili. Asetoni ya kuondolea rangi ya kucha isikaribie meza hiyo, kwani huyeyusha plastiki ya modeli, na kazi ya wiki tatu huharibika kwa dakika moja. Pili, siki isichanganywe kamwe na jiki: hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu kwa mapafu. Vipande vidogo navyo viwekwe mbali na wadogo zake.

Kisha iacheni ndege ikauke usiku kucha. Asubuhi, mwenyewe ndiye aipandishe kabatini.