Gitaa la Kujifunzia (Sehemu ya Pili): Pima Uzi, Usipime Umri

Wiki iliyopita tulitofautisha gitaa la nyuzi za nailoni na lile la nyuzi za chuma, tukaona kwa nini nailoni humfaa zaidi mtoto anayeanza. Leo tunaingia kwenye jambo linalowakatisha tamaa wanafunzi wengi hata kabla hawajazijua kodi tatu, nalo ni ukubwa wa gitaa lenyewe.

Wazazi wengi hununua gitaa kama wanavyonunua sare ya shule, kubwa kidogo ili mtoto akue nayo. Sare pana haimzuii mtoto kusoma, lakini gitaa kubwa humzuia kupiga. Vidole havifiki, bega linapanda, mkono unauma, na baada ya mwezi watu wazima wanaamua kwamba mtoto hana kipaji. Hukumu hiyo ni ya uonevu, kwa sababu mtoto hakupewa chombo cha kukionyeshea kipaji chake.

Kinachotawala mkono wa mpigaji ni urefu wa uzi unaotetema, yaani kuanzia kile kipande chembamba kinachopokea nyuzi chini ya kichwa hadi kwenye daraja. Katika gitaa la nailoni la mtu mzima, urefu huo kwa kawaida ni milimita 650. Kipimo hicho kilienea kutokana na kazi ya Antonio de Torres, fundi wa Almería, Hispania, aliyeishi kati ya mwaka 1817 na 1892, na ambaye mafundi waliokuja baadaye waliyaiga magitaa yake. Chini ya hapo kuna gitaa la robo tatu, lenye uzi wa takriban milimita 580, la nusu lenye 530 hivi, na la robo lenye 480 hivi. Kila kiwanda kina vipimo vyake, kwa hiyo tofauti ya sentimita moja au mbili ni jambo la kawaida.

Majina hayo yasikuogofye. Gitaa la robo tatu halijakatwa robo nzima ya urefu. Uzi wake unakaribia sehemu tisa kwa kumi za uzi wa gitaa kubwa. Ni gitaa kamili lenye nyuzi sita na sauti zilezile. Faida yake iko kwenye nafasi za vidole kati ya freti, vile vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo. Katika uzi wa milimita 650, kutoka freti ya kwanza hadi ya nne ni karibu sentimita 9.8. Katika gitaa la robo tatu ni 8.7, na katika la nusu ni 8. Kwa kiganja cha mtoto wa darasa la pili, sentimita hizo mbili zinatosha kutenganisha kodi inayolia na kodi inayokufa.

Ukifika dukani, iwe Kariakoo au mtaa wa Luthuli kule Nairobi, utatajiwa inchi: 30, 34, 36, 39, 41. Inchi hizo hupima chombo chote, kutoka ncha ya kichwa hadi kitakoni. Kwa kawaida 34 ni nusu, 36 ni robo tatu, na 39 ni gitaa zima la nailoni. Lakini kichwa kirefu huongeza inchi bila kuongeza uzi. Basi nenda na futi ya fundi cherehani. Pima kutoka mwanzo wa nyuzi hadi freti ya 12, kisha zidisha kwa mbili. Freti hiyo iko katikati ya uzi, hivyo jibu utakalopata ndilo urefu halisi.

Halafu mkalishe mtoto kwenye stuli na umtazame. Nilimtazama hivyo binti wa miaka minane aliyepakatishwa gitaa la inchi 39. Bega la kulia lilipanda karibu na sikio ili mkono uvuke boksi, na mkono wa kushoto ulinyooka kabisa kuifuata freti ya kwanza. Alipopewa la inchi 36, bega lilishuka, kiwiko kikakunjika, na kidole cha nne kikatua mahali pake bila kusukumwa. Dalili ni hizo tatu: bega litulie, kiwiko kikunjike, kidole kidogo kifike.

Umri nao husaidia kukadiria tu. Mara nyingi robo humfaa mtoto wa miaka minne hadi sita, nusu wa mitano hadi minane, robo tatu wa minane hadi kumi na mmoja. Lakini watoto wa rika moja hupishana sana kimo, kwa hiyo mkono wenyewe ndio uamue.

Kama nyumbani kuna gitaa kubwa tu na fedha hazipo, funga kapo, kile kibanio kinachobana nyuzi zote shingoni, kwenye freti ya pili. Uzi wa milimita 650 utabaki 579, sawa na wa robo tatu, ingawa sauti itapanda toni moja. Wasio na kapo hutumia penseli na mpira. Boksi litabaki kubwa, lakini vidole vitapata nafuu.

Mtu mzima naye apime. Magitaa makubwa ya nyuzi za chuma, yale ya inchi 41, yana boksi la upana wa karibu sentimita 40 na kina cha sentimita 12 hivi, na mtu mfupi hulikumbatia kwa shida. Atafute lenye boksi dogo. Shingo pia hutofautiana: pale nyuzi zinapoanzia, gitaa la nailoni lina upana wa milimita 52 hivi, la chuma 43 hivi. Vidole vifupi hupenda shingo nyembamba, vidole vinene hupenda nafasi.

Wala asione haya kuchukua dogo. Mwaka 1957 John Lennon, akiwa kijana wa miaka 16, alipiga Gallotone Champion, gitaa la robo tatu lililotengenezwa Afrika Kusini, kwenye sherehe ya kanisa kule Woolton, Liverpool, siku aliyokutana na Paul McCartney, mwenzake wa baadaye katika kundi la Beatles. Gallotone ndiyo lebo iliyotoa pia sahani za Jean-Bosco Mwenda, bingwa wa gitaa wa Katanga aliyeimba kwa Kiswahili.

Mzazi, nunua gitaa linalomtosha mtoto leo. Akilizidi, mdogo wake atalirithi au mwanafunzi mwingine atalinunua. Lakini hamu ya mtoto ikishazimwa na maumivu, ni vigumu kuiwasha tena.

Wiki ijayo: urefu wa nyuzi juu ya shingo, na namna ya kulikagua gitaa kabla hujalipa.